Aliyegawa Giza

Siku hizi nyumbani kwa mshonaji hakuna anayeulizwa, "Nimekwambia nini?" Mtu anatumwa dukani, anakwenda. Akirudi na uzi mweusi badala ya bluu iliyokoza, anarudishwa, basi. Mteja anaacha kitambaa chake, anataja anavyotaka mikono na shingo, anaondoka bila kuombwa avitaje tena. Maneno yanasemwa mara moja na kuachwa yapotelee hewani. Na mshonaji, ambaye kwa miaka mingi aliuma meno kila aliposikia swali lile, sasa hujikuta amenyamaza katikati ya mazungumzo, akisubiri mtu wa upande wa pili aulize, na upande wa pili hapana mtu.

Swali lilikuwa la mumewe. Hakulizua yeye, alilileta kutoka kazini, kama wengine wanavyorudi na vumbi la saruji au harufu ya dawa za hospitali. Alikuwa mwongoza gridi, mtandao wa umeme wa nchi nzima. Kazi hiyo hufanyika katika chumba kirefu chenye ubaridi, mapazia yameshushwa mchana kutwa, na ukuta mmoja mzima umechorwa nchi: si milima yake wala mito yake, bali laini za umeme, vituo vya kupozea umeme, mabwawa na mitambo, na vitaa vidogo vya kijani na vyekundu. Chini ya ukuta huo wamekaa watu wachache na simu zao. Mmoja akimwambia mtu wa kituo cha mbali, "Fungua swichi ya laini ya pili ya kaskazini," yule wa mbali haruhusiwi kugusa chochote mpaka arudie, "Nafungua swichi ya laini ya pili ya kaskazini." Ndipo wa kwanza husema, "Sawa, fungua." Bila hivyo, kuna fundi juu ya nguzo mahali fulani ambaye hatashuka kwa miguu yake.

Basi mtu akizoea hivyo kazini kwa nusu ya maisha yake, nyumbani atafanyaje? "Kaniletee sabuni ya mche, si ya unga. Nimekwambia nini?" Binti yao wa pekee alipokuwa mdogo aliufanya mchezo. Alisimama wima, akashika mwiko kama kipaza sauti, akarudia kwa sauti nzito ya mtangazaji wa redio. Mama yake hakuwa na muda wa michezo.

"Mwenzangu, mimi si kituo cha kupozea umeme," alimwambia siku moja.

"Umesema wewe si nini?"

Wakacheka mpaka kitambaa kikamtoka mshonaji mikononi. Wakati huo walikuwa bado wanacheka kwa urahisi.

Mtaani walimwita Bwana Giza. Jina hilo alipewa na kinyozi wa jirani, mtu mwenye ulimi usiojua kupumzika, na sababu ilikuwa mgao wa umeme. Nchi ilikuwa na watu wengi kuliko umeme. Mvua zikichelewa mabwawa yalishuka, mafuta ya mitambo ya dizeli yakapanda bei, mtambo mmoja ukawa kwenye matengenezo na wa pili unasubiri kipuri kutoka ng'ambo. Ratiba ya mgao ilitoka kwa wakubwa, lakini ratiba haikuwahi kutosha. Ikifika alasiri, jua limewaka, viwanda vinavuta, laini ikaanza kuelemewa, hapo hapakuwa na mkubwa wa kuulizwa. Alikuwapo mtu mezani, na ilimpasa achague haraka: mtaa huu au ule, soko au kiwanda cha maji. Asipochagua, ingezimika nchi nzima.

Huyo mtu mezani, zamu baada ya zamu, alikuwa mume wa mshonaji. Wala hakuwahi kuuruka mtaa wake mwenyewe, wala kumwonya mtu yeyote nyumbani. Hilo ndilo mkewe alilokuwa halimezi. Alishona kwa cherehani ya umeme, sare za shule na nguo za harusi, na mara ngapi sindano ilisimama katikati ya pindo huku bibi harusi amekaa kwenye kigoda anasubiri?

"Leo zamu yetu?" alimwuliza asubuhi, akimpa chai.

"Siwezi kukwambia."

"Mimi ni mkeo."

"Ndiyo maana."

Kinyozi naye alikuja mlangoni na taulo begani. "Shemeji, nimwulizie wapi huyu bwana wako? Nina mteja nimemnyoa nusu kichwa, umeme umekwenda. Amevaa kofia ameondoka, hajanilipa, anasema atalipa nusu ya pili ikifika."

"Nenda kamwulize mwenyewe."

"Nilimwuliza jana. Aliniambia nirudie swali."

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Mengine hayakuwa. Kuna hospitali ya wazazi iliyowekwa kwenye laini moja na soko, kwa sababu zamani palikuwa na soko tu na hospitali ikaja baadaye, na hakuna aliyepata fedha za kuitenganisha. Kukata soko ni kukata hospitali, ukiomba Mungu jenereta yao iwake. Mara nyingine haikuwaka haraka. Simu ikalia katika chumba kile kirefu, sauti ya mwanamke, daktari au mkunga, haipigi kelele, inasema tu, "Tupo gizani huku." Siku kama hizo mume wa mshonaji alirudi nyumbani akaketi kwenye kochi, akavua kiatu kimoja, na cha pili akakisahau. Mkewe alimkuta hivyo, mguu mmoja mtupu, macho kwenye ukuta ambao haukuwa na kitu. Hakumwuliza. Alimvua kile cha pili, akakipeleka mlangoni pamoja na mwenzake.

Ndipo zikaanza habari za nyuklia. Serikali ilitangaza kwamba inazungumza na nchi moja kubwa ili ijengewe kinu cha nyuklia, cha kuzalisha umeme tu, umeme mwingi, mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Redioni watu wakagawanyika. Mmoja alisema mataifa yaliyoendelea yalianza hivyo hivyo. Mwingine akauliza taka zake zitazikwa kwa nani. Mmoja alihofia deni litakalolipwa na wajukuu, na kwamba anayekuuzia kinu ndiye atakayekuuzia na urani ya kukiendesha, miaka nenda rudi, na siku mkikosana utawasha nini. Kila mmoja alizungumza kama mtu mwenye haki, na huenda wote walikuwa nayo.

"Hilo dude likilipuka je?" alisema kinyozi. "Mimi najua mambo ya wembe. Wembe ukikosea unatoka damu kidogo."

"Mimi nataka umeme," alisema mshonaji. Alikuwa anapiga pasi ya mkaa wakati huo, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. "Uwe wa maji, uwe wa jua, uwe wa atomu, uwe wa shetani mwenyewe. Niwashe pasi iwake. Hayo mengine watanieleza nikiwa nimekaa mbele ya feni."

Na kwao habari hiyo haikubaki redioni. Nchi ile kubwa iliahidi kuwasomesha vijana watakaokuja kuendesha kinu. Walichaguliwa kwa mtihani, na binti yao, ambaye tangu shule ya msingi walimwita Profesa kwa sababu alibishana na kila kitabu, alikuwa miongoni mwao. Angesomea uhandisi wa nyuklia huko kwa wenyewe, ada na chakula juu ya hao wanaouza kinu. Siku ya kumsindikiza, baba yake alivaa suti aliyooa nayo. Vifungo vilikataa, mkewe akavisogeza asubuhi ile ile. Mkewe aliona jinsi alivyokuwa anamtazama yule msichana na begi lake. Miaka yote ile yeye alikuwa anagawa kidogo kilichopo. Mwanawe alikuwa anakwenda kujifunza kukiongeza.

Profesa alimaliza mwaka wa kwanza, akaingia wa pili. Alipiga simu Jumapili. Alizungumza na mama yake kuhusu baridi na chakula, kisha akamtaka baba yake, na hao wawili wakazama katika mambo ya mvuke na maji ya kupozea mpaka salio likaisha. Mshonaji alisikiliza upande mmoja tu wa mazungumzo hayo, hakuelewa hata robo, na alikuwa akiyapenda kuliko nyimbo.

Kisha kamati ya Bunge ikaanza kuzunguka kukusanya maoni kabla makubaliano hayajatiwa sahihi. Shirika la umeme likatakiwa kupeleka watu, na miongoni mwao mmoja wa chumba cha gridi. Mkuu wake alimwita.

"Utakwenda wewe," alimwambia. "Una miaka mingi mezani kuliko sisi wote."

"Niseme nini, mzee?"

"Sema unachokijua. Ila uwe na busara."

Alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike kidogo. Jumapili iliyofuata Profesa alipiga simu, na safari hii hakuanza na mama yake.

"Baba, nimesikia umo kwenye orodha ya watakaosema."

"Umesikia huko huko?"

"Huku tunasikia yote. Baba, nisikilize. Wametuambia makubaliano yasiposainiwa mwaka huu, ufadhili unaishia mwaka wa pili. Hawatulipii tena. Sisi sote tutarudishwa."

"Nimekupata."

"Umepata nini?"

Akarudia. Mshonaji, aliyekuwa anakata kitambaa mezani, alisikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa mumewe moja moja: yasiposainiwa, mwaka huu, ufadhili, mtarudishwa. Mkasi ukamsimama mkononi.

Alasiri hiyo walikaa barazani. Yeye alikuwa anapinda shuka la mteja kwa mkono, mumewe kamshikia ncha ya pili ili lisiguse chini. Umeme ulikuwepo, kwa bahati, na hakuna aliyeutaja.

"Kwani wewe hukitaki hicho kinu?" alimwuliza.

"Nakitaka sana."

"Basi tatizo liko wapi?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kueleza kazi yake. Ilibidi atafute mahali pa kuanzia. "Unakumbuka tulivyohamisha lile kabati la mama?"

"Nakumbuka."

"Tulilibeba watu sita. Mmoja akiteleza, watano wanabaki, linayumba lakini halianguki. Sasa chukua hao sita, wanne ni wagonjwa, na ulilete jitu moja, libebe nusu nzima ya kabati peke yake. Vizuri, kabati linakwenda mbio. Siku jitu likipiga chafya je?"

"Linawaangukia wagonjwa."

"Basi. Hicho kinu wanachotaka kutuuzia ni kikubwa kwa gridi yetu. Kikijizima ghafla, na mashine yoyote hujizima ghafla, nchi nzima inakwenda nacho. Na chenyewe kikizimika hakipoi hivi hivi kama pasi yako. Kinahitaji umeme wa kukipoza. Utoke wapi, na gridi imelala? Watakuwa na jenereta zao, ndiyo. Mimi nimekaa maisha yangu yote nasikiliza watu wakiniambia jenereta itawaka."

Mshonaji alipiga mishono kadhaa. "Hawajui hayo, hao wakubwa?"

"Wanajua. Yameandikwa. Kwanza laini mpya, kwanza tuungane na majirani, tuanze na vinu vidogo, halafu ndiyo. Wanajua. Ila kila mtu ana haraka."

"Hata mimi nina haraka," alisema mkewe.

"Najua."

"Wewe ndiye utakayekijenga?"

"Hapana."

"Ndiye utakayekopa?"

"Hapana."

"Sahihi utatia wewe?"

"Hapana, Fundi."

"Basi useme ndiyo, mwenzangu, ukae chini. Nani atakukumbuka wewe? Wataamua wanavyoamua. Lakini yule mtoto ni wetu, si wa kamati."

Mumewe alilivuta shuka taratibu, likanyooka, mkewe akaendelea kupinda. Mshonaji alimjua mumewe kwa namna alivyoshika vitu; na jinsi alivyoshika lile shuka, kwa ncha za vidole, kama kitu kisicho chake, alijua kwamba hajaamua.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa halmashauri. Mshonaji alikwenda, akaketi viti vya nyuma na kipochi mapajani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, mwanasheria, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kumtazama mtu kweli. Walisema wa mazingira, wakasema wa viwanda, akasema mchungaji mmoja, akasema mhadhiri wa fizikia. Wengine walisoma. Mumewe aliitwa mwisho, watu wamechoka, wengine wanatazama saa. Hakuwa na karatasi.

Akasema kile alichosema barazani, bila kabati. Alisema anataka kinu. Alisema amechoka kukata watu na angependa kustaafu katika nchi ambayo kazi hiyo haipo. Alisema kinu cha ukubwa ule kwa gridi ya sasa ni hatari. Kwamba laini zije kwanza, na kuungana na majirani kwanza, kisha vinu vidogo, na kwamba akikiuka hilo na kusema vingine atakuwa amemdanganya mtu wa zamu inayofuata. Mshonaji alikodolea macho kipochi chake. Alijua ni nini kilichokuwa kinakatwa pale, na laini ilikuwa ya nani.

"Ahsante sana," alisema mwenyekiti, akiandika. "Kwa hiyo mwongoza gridi wetu naye anaunga mkono, ila anatoa tahadhari za kiufundi. Tuendelee."

Mumewe hakuketi.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba urudie nilichosema."

Ukumbi ukacheka. Mshonaji nyuma kule alifumba macho. Ilikuwa ni sauti ile ile ya sabuni ya mche. Hakuwa anamkejeli mtu, na hilo mkewe peke yake ndiye aliyelijua pale ndani. Alikuwa ametoa neno zito, na hakujua namna nyingine ya kuliachilia ila mpaka alisikie likirudi.

Mwenyekiti alivua miwani. Wengi walidhani atamfokea. Hakufanya hivyo. Akayarudia yote kwa utaratibu, vizuri kuliko alivyoyasema mwenyewe: anataka kinu, si hiki, si sasa, laini kwanza, majirani kwanza, vidogo kwanza. "Nimekosea popote?"

"Hapana, mheshimiwa. Sawa."

"Basi na mimi nikuulize. Hayo yote uliyosema tuyafanye kwanza, yatachukua muda gani?"

"Miaka kumi. Pengine kumi na mitano, fedha zikiwapo."

"Na miaka hiyo yote, kina mama wanaojifungua hospitalini, wale wenye viwanda wanaofunga, watakaa gizani?"

Mumewe alimtazama mwenyekiti usoni.

"Ndiyo," alisema. "Na mimi ndiye nitakayewazimia."

Hapakuwa na kicheko. Mhadhiri wa fizikia aliomba nafasi, akasema kwa upole kwamba hoja ya ndugu yetu ni ya kweli lakini si mpya, na kwamba nchi inayosubiri gridi ikue ndipo itafute umeme, wakati bila umeme gridi haikui, itasubiri mpaka lini? Mumewe akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaketi.

Gazeti la kesho yake lilitoa picha yake, mdomo wazi. Juu yake waliandika: ENDELEENI KUKAA GIZANI. Kinyozi alilileta mwenyewe, hakutania, aliliweka juu ya cherehani akaondoka. Kwa wiki nzima mteja mmoja mmoja alimwuliza mshonaji kama kweli yule ni mumewe, na mmoja aliyeleta kitambaa cha mapazia alikuja kukichukua, hakikuwa hata kimekatwa, akasema amebadili mawazo.

Profesa alipiga simu, na haikuwa Jumapili.

"Baba, ulisema hivyo kweli?"

Akamwambia alivyosema, neno kwa neno, tangu mwanzo. Mshonaji alisimama karibu kiasi cha kumsikia binti yao.

"Hukuweza kunyamaza tu?" alisema msichana. "Sikukuomba udanganye. Unyamaze tu, Baba."

"Niliulizwa, mwanangu."

Simu ikakatika. Hakukuwa na anayejua kama ni salio.

Makubaliano hayakusainiwa mwaka huo. Sababu zilitajwa nyingi: riba ya mkopo, uchaguzi uliokuwa unakaribia, mabishano juu ya nani atachukua mafuta yaliyokwisha kutumika kinuni. Jina la mwongoza gridi halikutajwa popote, na huenda maneno yake yale hayakuwa na uzito wowote katika mizani ile. Lakini nyumba haina mizani ya namna hiyo. Ufadhili ulisimama. Baadhi ya vijana walirudi. Profesa hakurudi; alipata kazi ya kuosha vyombo katika bweni, na chuo kikampa muhula mmoja wa kutafuta ada. Hayo alimweleza mama yake. Kwa baba yake hakupiga tena, wala hakumtumia salamu, na akiulizwa na mama yake husema tu, "Mwambie mimi mzima."

Baba mtu aliendelea na zamu zake. Aliacha kurudia maneno nyumbani, si kwa kukusudia. Aliacha kutuma watu. Sabuni aliifuata mwenyewe. Jioni alikaa na redio imezimwa. Mshonaji alimkasirikia kwa namna ambayo haikuwa na kelele, hasira ya kuweka sahani mezani kwa uangalifu kupita kiasi. Angeweza kumsamehe kusema. Alichoshindwa kusamehe ni kwamba alikuwa anamwelewa.

Siku moja mumewe alirudi mchana, akiwa na barua ya kustaafu mapema.

"Umemwaga unga? Wamekufukuza?" alimwuliza.

"Nimeomba mwenyewe. Majirani zetu wanatafuta waongoza gridi wenye uzoefu. Watu wao wengi wamekwenda ng'ambo. Wanalipa vizuri."

"Majirani gani?"

"Nchi jirani."

Mshonaji aliutoa mguu kwenye kanyagio. "Umri huu? Magoti yenyewe hayo?"

"Kazi ni ya kukaa."

"Na utaanza upya, na simu za watu usiowajua, na miji usiyoijua?"

"Ukuta ni ule ule, Fundi. Majina tu yamebadilika." Akaketi kwenye kigoda cha wateja. Alionekana mdogo pale, amechoka kama mtu aliyesimamishwa apimwe nguo asiyoitaka. "Kwa mshahara wao ada ya miaka iliyobaki inapatikana. Nimeshauliza. Nitaipeleka chuoni moja kwa moja. Usimwambie ni yangu, kama unaona hataichukua."

"Atajua tu."

"Basi ajue kwa muda wake."

Alimshonea suruali za kazi kabla hajaondoka, kitambaa kizito, viuno vimeachiwa nafasi. Kituo cha mabasi alisindikizwa na kinyozi, aliyembebea begi na kunung'unika njia nzima kwamba sasa akikatiwa umeme atamtukana nani.

Profesa alijua ada ni ya nani kabla muhula haujaisha. Mama yake alidhani atafoka, au atakataa. Siku hiyo alipopiga simu alizungumza polepole, nyuma yake kuna mlio wa vyombo.

"Mama, unadhani nilimkasirikia kwa sababu alikosea?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nashona."

"Yale aliyoyasema kule ukumbini, tulifundishwa hapa mwaka wa kwanza. Ukubwa wa kinu na ukubwa wa gridi. Nilikuwa nayajua kabla hajasema. Ndiyo maana nilimtaka anyamaze. Angekuwa amekosea, nisingekuwa na wasiwasi, wangemjibu wenyewe."

"Mwambie hayo yeye."

"Nitamwambia."

Hajamwambia bado, au amemwambia na wote wawili wamemficha mama, mshonaji hajauliza. Ada inalipwa. Redioni wanaendelea kubishana. Kuna mawaziri wapya, na nchi nyingine kubwa imeleta kinu chake ikisema ni kidogo na ni nafuu, na mabwawa msimu huu yamejaa, kwa hiyo watu wamepoa kidogo. Mgao upo, ila ni wa mara moja moja. Anayeugawa sasa ni mtu ambaye mtaani hawamjui, na hakuna aliyempa jina.

Mumewe yuko katika mji mkuu wa nchi jirani. Anapanga chumba nyuma ya karakana ya magari, anafanya zamu ya asubuhi, na mkataba wake unakwisha binti yake akimaliza mwaka wa mwisho.